Octave inafungua fishie pale tu inapohitajika: faida yake, na kosa linaloweza kujificha miezi mingi

Ordinatere nyingi zinazotumika kwetu zilishatumika na mtu mwingine kabla. Zina memwari kidogo, batri yake imechoka, na kuran ikikatika zinazimika mara moja. Mwanafunzi wa polytechnique ao wa umeme wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia anayetaka kufanya hesabu kubwa juu ya mashine ya namna hiyo, mara nyingi anaelekezwa kwa Octave, programu ya bure ya hesabu, ndugu ya MATLAB ambayo lisansi yake inauzwa bei kali. Octave inabeba zaidi ya fonksio elfu moja. Lakini ukiifungua, haizisomi zote. Nyingi zinabaki zimelala kwenye diski, na kila moja inaamshwa siku ile mtu anaita jina lake.

Hiyo njia ya kufungua fishie ya fonksio pale tu inapoombwa ndiyo inafanya Octave iwezekane kwenye mashine dhaifu. Ndiyo pia inafanya kosa fulani lilale kimya, lisionekane mpaka siku mbaya kabisa.

Kwanza, neno juu ya Octave yenyewe. Iliwazwa mwaka 1988 huko Marekani, iwe chombo cha kusindikiza kitabu cha wanafunzi wa kemia ya viwandani. John W. Eaton alianza kuiandika kwa nguvu mwaka 1992, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 1994. Wengine wanafikiri jina linatoka kwenye muziki, sivyo. Ni jina la Octave Levenspiel, profesa wa zamani wa Eaton, aliyejulikana kwa kupiga hesabu ngumu haraka haraka juu ya kipande cha karatasi.

Mama wa soko na depo yake

Mama anayeuza unga na maharagi ku soko ya Kadutu hatoi mifuko yake yote kila asubuhi. Juu ya meza anaweka kidogo. Mteja akiomba kitu ambacho hakiko, anatuma kijana ku depo: "Lete mfuko ulioandikwa mchele." Kijana anasoma maandiko juu ya mifuko, anabeba ule unaofanana na neno aliloambiwa. Mfuko ukishafika mezani, mteja wa pili hangoji tena.

Octave inatumika vile vile. Chukua mfano ambao watu wengi wanaujua: mtu ana batri ya amperi-saa 100, volti 12, na anataka kujua itawasha vitu vya wati 60 kwa masaa mangapi. Anafungua fishie mpya, anaandika:

function masaa = masaa_batri(ah, volti, wati)
  masaa = ah * volti * 0.5 / wati;
endfunction

Ile 0.5 iko pale kwa sababu batri ya risasi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Fishie anaichunga kwa jina `masaa_batri.m` ndani ya dosie yake ya kazi. Kisha, bila kueleza Octave kitu kingine chochote, anaandika `masaa_batri(100, 12, 60)`. Jibu linatoka: 10. Masaa kumi.

Hakuna mahali alipoandika "fungua fishie fulani". Octave ilikutana na jina isilolijua. Ilitazama kwanza kama ni kigeu, yaani kisanduku cha namba kilichopewa jina hilo. Hapana. Ikatazama kama ni fonksio iliyokwisha kufunguliwa. Hapana. Sasa ikapita dosie kwa dosie ndani ya orodha yake ya njia, ikitafuta fishie inayoitwa `masaa_batri.m`. Ilipoiona, ikaisoma, ikaiweka ndani ya memwari, ikaitumikisha. Mara ya pili haitafuti tena.

Kitu cha kushika hapa: Octave haichunguzi kilicho ndani ya mifuko. Inasoma maandiko ya nje tu. Kama fishie inaitwa `masaa_batri.m` lakini ndani yake mtu ameandika `function x = saa_batri(...)`, jina la fishie ndilo linashinda, Octave inatoa onyo kwamba majina mawili hayapatani, halafu inaendelea na lile la nje. Kwa hiyo kugeuza jina la fishie ni sawa na kugeuza jina la fonksio, hata kama ndani hakuna herufi iliyoguswa.

Na hapa Kiswahili chetu kinaleta shida ya pekee. Sisi tunaandika "mtu" na tunaandika "mutu". Wengine "watu", wengine "batu". "Au" na "ao". "Tahadhari" na "tahadari". Kwa masikio ni neno moja, kwa kijana wa depo pia ni neno moja, kwa maana ana akili. Ordinatere haina akili ya namna hiyo. Wanafunzi wawili wanaotumika pamoja, mmoja akaunda `hesabu_watu.m` na mwingine akaita `hesabu_batu`, hawatapata jibu. Ni vizuri kikundi kikubaliane mapema namna ya kuandika majina, ao kila mtu aandike kwa Kifaransa bila accent kama wanaona ni rahisi. Lugha gani, haina shida. Muhimu iwe moja.

Depo ya kwanza ndiyo inashinda

Ile orodha ya njia inaweza kuonekana ukiandika `path`. Dosie unayotumikia sasa, ile inayoandikwa kwa nukta moja, ndiyo inatangulia zote. Kisha zinafuata zingine. Mtu mwenye dosie ya fonksio zake, tuseme kwenye flashi, anaiongeza kwa `addpath`. Akitaka Octave iikumbuke hata kesho, anaandika `savepath`.

Utaratibu wa orodha una uzito, kwa sababu Octave ikipata jina linalofanana inasimama palepale. Haiulizi kama depo ya tatu ina mfuko bora. Octave tayari ina fonksio `mean`, ya kutafuta wastani. Mwanafunzi asiyejua hilo anaunda `mean.m` yake ndani ya dosie yake, anaiandika haraka, anakosea kidogo. Tangu hapo, kila fonksio nyingine inayoita `mean` inaweza kuchukua ile yake, hata fonksio ambazo yeye hakuandika. Matokeo yanatoka, hayana alama nyekundu yoyote, lakini ni ya uongo. Kwa kawaida Octave inatoa onyo kwamba fishie fulani inafunika fonksio ya ndani. Tatizo ni kwamba onyo linapita juu ya ekrani na watu hawalisomi.

Kigeu kinaweza kufanya uharibifu uleule. Mtu anaandika `sum = 0`, kisha mistari ishirini chini anaandika `sum([3 4 5])` akitazamia 12. Octave inaona `sum` ni kisanduku, inafikiri anaomba kitu cha 3, cha 4 na cha 5 kutoka kisanduku chenye kitu kimoja tu. Inakataa. Bahati nzuri, hapa kosa linapiga kelele.

Dawa ni neno moja: `which`. Ukiandika `which mean`, Octave inakuonyesha fishie gani hasa ingechukua. Kama njia inayoonyeshwa ni ya dosie yako na si ya Octave, umepata mwizi. Watu wanaopoteza siku nzima wakitafuta kosa ndani ya hesabu yao wangepaswa kuanza na `which`, inachukua sekunde mbili.

Kuna jambo lingine juu ya nukta ile inayotangulia. Mtu anayefungua Octave ndani ya dosie iliyojaa fishie alizotoa kwa watu ao intaneti, anakubali bila kujua kwamba majina yaliyomo humo yapite mbele ya yale ya Octave. Fishie `.m` si barua ya kusoma tu, ni maagizo, na inaweza kuamriwa kufuta vitu. Afadhali fishie za watu ziwekwe kwanza dosie ya pembeni, zifunguliwe kwa programu ya maandiko, zisomwe.

Usiku ambao batri inashuka

Sasa lile jambo lenye uzito. Tuseme kituo fulani kina paneli za jua, batri, na frigo ya chanjo. Kijana mmoja mwenye kipaji anaandika skripti ya Octave inayosoma volti za batri kila dakika kumi na kuziandika ndani ya fishie. Ndani yake ameweka pia:

if volti < 12
  tahadhari_batri(volti);
endif

Fonksio `tahadhari_batri` ndiyo inapaswa kupiga kengele ili mlinzi awashe jenereta. Kijana ameiandika vizuri. Lakini siku ya kuichunga, kidole kimeruka herufi moja: fishie inaitwa `tahadari_batri.m`.

Skripti inaanza bila lalamiko. Juma la kwanza jua linawaka, volti ziko 12 na nusu, kila kitu kinaandikwa. Juma la tano pia. Katika muda huo wote Octave haijawahi kutafuta fonksio ya kengele, kwa maana hakuna aliyeiita. Kisha inakuja mvua ya siku tatu. Saa nane ya usiku volti zinashuka chini ya 12, skripti inafika kwa mara ya kwanza kwenye ule mstari, inatafuta, inakosa, inaandika `error: 'tahadhari_batri' undefined` na inasimama. Kengele haikulia. Tena hata kuandika volti kumesimama. Asubuhi, kwenye ekrani kuna mstari mmoja tu wa Kiingereza.

Katika lugha zinazokusanya kila kitu kabla ya kuanza, kama C, kosa hili lingeonekana siku ya kwanza: programu ingekataa kujengwa kwa sababu fonksio iliyoitwa haiko. Kufungua pale tu inapohitajika kunaleta wepesi, na bei yake ni kwamba ukosefu nao unaonekana pale tu kitu kinapohitajika. Vipande vinavyoitwa mara haba, yaani kengele, nakala za akiba, hatua za dharura, ndivyo vinakaa muda mrefu bila kuguswa. Na ndivyo vinavyohitajika zaidi.

Kwa hiyo skripti ya kazi nzito inapaswa kuuliza mwanzoni kabisa. Octave ina `exist`: ukiandika `exist("tahadhari_batri")`, jibu 2 maana yake fishie iko kwenye njia, na 0 maana yake hakuna kitu cha jina hilo. Mistari mitatu juu ya skripti, inayosimamisha kazi palepale kama jibu ni 0, ingetosha kumwonyesha kijana kosa lake mchana, akiwa bado amekaa mbele ya mashine.

Hata hivyo `exist` inatazama jina la mfuko tu. Haijui kama ndani unga umeoza. Fishie inaweza kuwa na jina sahihi na kukosa alama ya kufunga ndani, na hilo pia halionekani mpaka siku ya kuitwa. Njia ya hakika ni kuiita kweli: kumpa `tahadhari_batri` volti 11 za uongo na kusikia kengele ikilia. Fundi yeyote wa jenereta anaiwasha mara moja kwa juma hata kama kuran iko. Hapa ni vile vile.

Saa iliyorudi nyuma

Mtu akigeuza fishie wakati Octave iko wazi, mageuzi yanaonekana bila kufunga programu. Octave inafananisha tarehe ya fishie na saa ilipoisoma. Kama fishie ni mpya zaidi, inaisoma tena. Ili isipoteze nguvu, haifanyi uchunguzi huo kila mara fonksio inapoitwa. Inaufanya pale inaporudi kumngojea mtu aandike. Skripti inayozunguka usiku na mchana bila kurudi pale itaendelea na fonksio ya zamani, hata kama wewe umeisahihisha kwenye diski. Inafaa kuisimamisha na kuianza tena.

Kwenye ordinatere za zamani kuna kituko kingine. Ile batri ndogo ya mviringo, inayochunga saa ndani ya mashine, ikifa, kila mara kuran ikikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Mtu anawasha, anafungua Octave, na anaona onyo kwamba tarehe ya fishie yake iko katika wakati ujao. Wengi wanadhani ni virusi. Si virusi. Fishie iliandikwa mwaka huu, na mashine inafikiri bado ni zamani. Rekebisha saa, onyo linapotea. Na kama hupendi kurudia kila siku, nunua ile batri ndogo. Kama Octave bado inang'ang'ania fonksio ya zamani, andika `clear masaa_batri`: inaisahau, na ukiiita tena inaisoma upya.

Haiendi intaneti

Kuna watu wanaosikia "inafungua yenyewe" na kufikiri Octave itaenda kutafuta kitu kwenye intaneti na kula mega zao. Hapana. Inatafuta ndani ya dosie zilizo kwenye diski, basi. Kisichokuwa kwenye diski hakipatikani.

Fonksio za ziada, kwa mfano zile za kuchambua mawimbi ya sauti, zinakuja katika vifurushi. Kifurushi kinawekwa mara moja kwa `pkg install`, lakini kila ukifungua Octave upya unapaswa kuandika `pkg load` na jina lake, ndipo dosie yake iingie ndani ya orodha ya njia. Wanaosahau hilo wanaona fonksio iliyotumika jana "imepotea" leo. Haikupotea, depo haikufunguliwa.

Anayekaa mbali na mtandao anaweza kubeba fishie ya kifurushi kwa flashi kutoka mjini na kuiweka bila intaneti. Aangalie tu kwamba vifurushi vingine vinategemeana: kile cha mawimbi, `signal`, kinaomba kile kinachoitwa `control` kiwepo. Ukibeba kimoja bila kingine, umefanya safari ya bure. Wenye Windows wawe na subira kidogo kabla ya kwenda mjini, kwa sababu toleo la Octave la Windows linakuja tayari na vifurushi vingi ndani, na mara nyingi `pkg load` peke yake inatosha.

Wanaojenga tovuti nao

Wazo hili si la Octave peke yake. Korn shell, iliyoandikwa na David Korn huko Bell Labs ya Marekani, katika toleo lake la 1988 tayari ilikuwa na `FPATH`, orodha ya dosie za kutafutia fonksio. Zsh inalo, lakini inaomba kwanza utaje jina la fonksio kwa `autoload`. Fish haiombi kitu: ukiweka fishie yenye jina la fonksio ndani ya dosie yake ya `functions`, inatosha.

Vijana wanaojenga tovuti za mashirika na maduka wanalikuta katika PHP. Tangu PHP 5 ya mwaka 2004, lugha hiyo inaweza kutafuta fishie yenyewe, lakini kwa klasi tu, si kwa fonksio za kawaida; hizo bado unazifungua mwenyewe. Njia ya kwanza, iliyoitwa `__autoload`, iliondolewa kabisa katika PHP 8.0 ya mwaka 2020. Leo wengi wanaacha kazi hiyo kwa Composer.

Huko kosa la herufi linapiga kwa namna yake. Kijana anatumikia Windows nyumbani. Klasi yake inaitwa `Malipo`, fishie ameiita `malipo.php`. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya fishie, kwa hiyo inafunguka na tovuti inaenda vizuri. Anaipandisha kwenye serva, na serva nyingi zinatumia Linux, ambako `Malipo.php` na `malipo.php` ni fishie mbili tofauti. Ukurasa wa mwanzo unafunguka, ule wa habari unafunguka, kwa sababu hauhitaji klasi hiyo. Mteja wa kwanza anayebonyeza kulipa ndiye anakuta ukurasa mweupe. Kabla ya kumpa mwenye duka tovuti yake, kijana apite kila ukurasa akiwa kwenye serva yenyewe, na aanze na ule ambao watu wanaubonyeza mara haba.